Askari wa Pembeni: Kuielewa Sataranji ya Barua na Ufunguzi Usioanzia Kati

3234. Hizo ndizo tarakimu nilizomtumia mwenzangu siku ya kwanza, na mchezo wetu ukaanza. Asiyezijua angedhani ni namba ya siri ya benki. Kwa mcheza sataranji ya barua ni sentensi kamili: askari aliyesimama safu ya tatu, mstari wa pili, amesogea hadi mstari wa nne katika safu ileile.

Tangu nilipoanza kuusimulia mchezo ule, watu huniuliza mambo mawili. Kwanza, mtu anachezaje na mpinzani asiyemwona, kwa miezi kadhaa, wakati simu yake ingempatia mpinzani mwingine kabla chai haijapoa? Pili, kwa nini nilianzia pembeni, ilhali kila anayefundisha sataranji humwambia mwanafunzi wake ashike kati kwanza? Maswali haya yanaonekana hayahusiani. Mimi naona jibu lake ni moja, nalo ni mfuatano wa hatua: kipi kitangulie, kipi kisubiri, na ni nini mpinzani hapaswi kukijua bado.

Tuanze na barua. Mwaka 1824 wachezaji wa Edinburgh waliwaalika wenzao wa London washindane kwa njia ya posta. Hatua iliandikwa kwenye karatasi, ikasafiri, jibu likarudi. Mashindano hayo yalimalizika mwaka 1828, na Edinburgh wakashinda. Ufunguzi ulioonekana humo ukaitwa wa Kiskoti mpaka leo. Miaka michache baadaye, kati ya 1834 na 1836, Paris walicheza na London kwa barua, na utetezi waliouchagua Wafaransa ukabaki na jina la Kifaransa. Majina mawili makubwa ya sataranji, basi, yalizaliwa ndani ya bahasha. Hilo si jambo la bahati tu. Mezani mtu hucheza anachokikumbuka. Kwenye barua anapata muda wa kujaribu kitu kipya, kukigeuza, kukilaza na kukiamsha, kisha ndipo anakituma.

Ugumu wa kwanza ulikuwa lugha. Mwingereza huandika farasi kwa herufi yake, Mjerumani kwa yake, Mrusi kwa yake, na posta haina mkalimani. Njia ya tarakimu ikaondoa utata wote. Ubao una safu nane kutoka kushoto kwenda kulia, ukiutazama ukiwa upande wa kete nyeupe, nazo huhesabiwa 1 hadi 8. Una mistari minane kwenda mbele, nayo vilevile 1 hadi 8. Kila mraba una tarakimu mbili: safu kwanza, mstari baadaye. Hatua ni tarakimu nne: ulikotoka na unakokwenda. Jina la kete halihitajiki kabisa, maana kila mmoja ana ubao wake nyumbani na anajua nani amesimama wapi. Hata kumwingiza mfalme ngomeni, pale mfalme na ngome wanaposogea pamoja, huandikwa 5171 tu, yaani safari ya mfalme peke yake. Napenda sana njia hii. Mtu wa Tanga na mtu wa Tokyo wanaweza kucheza mchezo mzima bila kujua neno hata moja la lugha ya mwenzake.

Ndiyo maana pia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia wakaguzi wa barua nchini Marekani walipiga marufuku sataranji ya posta na nchi za nje. Kadi iliyojaa herufi na tarakimu, isiyo na maneno, inayokwenda ng'ambo kila wiki: afisa wa usalama angeisomaje?

Chama cha dunia cha mchezo huu, kinachojulikana kwa kifupi ICCF, kiliundwa mwaka 1951. Bingwa wa kwanza wa dunia alikuwa Cecil Purdy wa Australia, na kumbuka kwamba barua ya Australia ilikuwa na bahari nzima ya kuvuka kabla ya kumfikia mpinzani wa Ulaya. Leo kadi za posta karibu zimetoweka. Hatua hupita kwenye mtandao. Lakini mwendo umebaki uleule wa taratibu. Katika mashindano ya kawaida ya ICCF mchezaji hupewa siku 50 kwa hatua 10, na mchezo mmoja huweza kupita mwaka. Kwenye Lichess, tovuti ya sataranji nilikochezea mimi, mnakubaliana siku za kila hatua. Sisi tulichagua tatu.

Hapa inabidi nieleze jambo linalowachanganya wengi, nalo ni vitabu na kompyuta. Kwenye sataranji ya mezani, kufungua kitabu ni wizi. Kwenye sataranji ya barua, kitabu kimeruhusiwa tangu zamani, kwa sababu nani angekuzuia ukiwa sebuleni kwako? Unaruhusiwa pia kuzisogeza kete ubaoni, kujaribu njia hii na ile, kurudisha, kuandika pembeni ya daftari. Kompyuta ndiyo iliyogawa njia. ICCF inaruhusu programu za kuchanganua, na tokeo lake ni kwamba kwenye ngazi za juu kabisa karibu kila mchezo huishia sare, kwa kuwa mashine huona kosa kabla halijatendeka. Lichess inaruhusu vitabu na hazina ya michezo ya zamani, lakini programu inayokuchagulia hatua ni marufuku. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kusema "nacheza sataranji ya barua" na wakawa wanafanya kazi mbili tofauti. Mmoja anasimamia mashine na kutafuta pale isipoona mbali. Mwingine anafikiri kwa kichwa chake kwa siku tatu. Mimi ni wa kundi la pili, na sina nia ya kuhama.

Sasa tuje pembeni.

Ubao wa sataranji una kati yake, miraba minne, na anayeitawala kati huhamisha majeshi yake upesi kushoto au kulia. Ndiyo sababu mwanafunzi huambiwa amtangulize askari aliye mbele ya mfalme au aliye mbele ya malkia. Ushauri huo ni sahihi. Ila kutawala mahali si lazima uwe umesimama mahali hapo. Askari wangu wa 3234 hajaingia kati, lakini anautazama mraba mmoja wa kati na kumzuia adui asiukalie bila kulipa. Baadaye askofu wangu ataketi karibu na kona, mraba wa 72, na kuifyatulia kati kwa mshazari, akiwa mbali na vumbi. Kati inashikwa kwa mkono mrefu.

Anayecheza bao atalielewa hili haraka. Katika bao la kiswahili huweki kete zako zote mashimoni tangu mwanzo. Kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, na wakati wa kunamua huziingiza moja moja, akitazama mwenzake anaelekea wapi. Aliyemaliza za mkononi amekwishasema yote. Ufunguzi wa pembeni una tabia hiyo: askari wangu wa kati bado wako nyumbani, na kwa kuwa hawajasogea, mpinzani hajui watakwenda hatua moja, mbili, au hawatakwenda kabisa.

Hatua ya 3234 inaitwa Ufunguzi wa Kiingereza kwa sababu Howard Staunton, Mwingereza, aliitumia mwaka 1843 huko Paris dhidi ya Mfaransa Saint-Amant. Kwa miongo mingi ilionekana kama mazoea ya mtu mmoja. Kilichoipa heshima ni kizazi cha miaka ya 1920, na hasa Richard Réti. Mwaka 1924, kwenye mashindano ya New York, Réti alianza na farasi, akaweka maaskofu wake kwenye mishazari mirefu ya pembeni, na akamshinda bingwa wa dunia José Raúl Capablanca, ambaye hakuwa amepoteza mchezo kwa miaka minane. Katika mashindano hayohayo Savielly Tartakower alimsogeza askari wa safu ya pili hatua mbili, 2224, akautaja kwa heshima ya nyani mkubwa, orangutani, aliyemwona kwenye bustani ya wanyama, na jina likashika. Alishindwa mchezo ule, lakini ufunguzi umebaki na wapenzi wake. Kuna na wengine wa 6264 na 2223; sitawachambua hapa, wazo ni lilelile la mkono mrefu, ingawa malipo yake hutofautiana.

Faida kubwa ya kuanzia pembeni, ambayo ndiyo inayopendwa na watu wa barua, ni kwamba unaweza kuingia nyumba ya mtu mwingine kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1972 huko Reykjavik, Bobby Fischer, aliyejulikana maisha yake yote kwa kumtanguliza askari wa mfalme, alianza mchezo wa sita dhidi ya Boris Spassky kwa 3234. Hatua mbili baadaye mchezo ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye Gambiti ya Malkia, ufunguzi mwingine kabisa. Fischer alifika alikotaka, ila kwa mfuatano aliouchagua yeye. Spassky alishindwa mchezo huo, na inajulikana kwamba alipiga makofi pamoja na watazamaji.

Kwenye barua, huku kuhamahama ndiko kunakokula siku. Chukua swali linaloonekana dogo: baada ya 3234 na jibu la 5755, nimtoe kwanza farasi, 2133, au nimfungulie njia askofu, 7273? Nikimtoa farasi, Nyeusi inaweza siku moja kumtuma askofu wake kwenye mraba wa 24 amsumbue farasi huyo. Nikianza na 7273, hakuna farasi wa kusumbuliwa, lakini Nyeusi inapata nafasi ya 3736 na kujenga ukuta wa askari katikati kwa raha. Njia hiyo ya pili inaitwa kwa jina la Paul Keres, Mwestonia ambaye ujanani alicheza mamia ya michezo ya barua. Mezani unachagua moja kwa mazoea. Kwenye barua unazijaribu zote mbili usiku wa kwanza, usiku wa pili unabadili mawazo, na usiku wa tatu ndipo unaelewa kwamba hukuwa unachagua hatua. Ulikuwa unachagua ni usumbufu upi unaweza kuishi nao kwa miezi minne ijayo.

Nilimtoa farasi. Naye akatoa wake, 7866. Nikamtoa wa pili, 7163; akatoa wa pili, 2836. Nikafungua njia ya askofu, 7273, naye akaamua kuvunja ukimya: 4745. Nikala, 3445, akala kwa farasi, 6645, nikamketisha askofu kwenye kona yake, 6172.

Aliyesoma sataranji kidogo atashtuka hapa. Sura hii anaifahamu: ni ule utetezi maarufu wa Kisisili, lakini umegeuzwa. Kawaida ni Nyeusi inayocheza hivi. Safari hii ni Nyeupe, tena ikiwa na hatua moja ya ziada mfukoni. Hatua moja inaonekana si kitu. Subiri.

Farasi wake amesimama katikati, mraba wa 45, akitazamwa na farasi wangu na askofu wangu wa kona. Ukitazama haraka, ametulia. Malkia wake anamlinda. Hatua ya kawaida kwake ingekuwa kumtoa askofu, 6857, na kujiandaa kumwingiza mfalme ngomeni. Lakini hiyo ingemgharimu askari. Farasi wangu wa pembeni angeruka 6355 na kula askari wa kati. Farasi wake mwingine akimla huyo, mimi nakula farasi wa 45 aliyeachwa kwenye njia ya askofu wangu. Akijibu kwa kula farasi wangu wa 33, mimi nakula kwa askofu na kutoa shaha, yaani kumtishia mfalme wake, 7236, yeye anakula askofu, 2736, nami nakula farasi wake, 4233. Hesabu ikifungwa nimepata askari mmoja zaidi, na askari wake wawili wa safu ya tatu wamepandana kama abiria wa daladala. Mambo yote hayo yamefichwa nyuma ya askofu mmoja aliyekaa kona bila kusema neno.

Mwenzangu hakuanguka. Alitumia siku mbili na nusu, kisha akamrudisha farasi wake nyuma, 4526, kabla hajafukuzwa. Hiyo ndiyo hatua sahihi, na inajulikana vitabuni. Nilifurahi kuiona hata hivyo, kwa sababu hatua ya kurudi nyuma kwa hiari huonyesha mtu anayesoma.

Tukawaingiza wafalme ngomeni, yeye akimtoa kwanza askofu wake, 6857. Kati hapo mimi nikamsogeza askari wa mwisho kushoto, 1213, maandalizi ya kimya, na hatua ya 9 nikacheza 2224. Askari huyu anatishia kuendelea mbele mraba mmoja amfukuze farasi wa 36. Farasi huyo ndiye mlinzi wa askari wa 55. Mlinzi akiondoka, ngawira ni yangu. Akajibu 3856, akitoa askofu wake mwingine.

Nakumbuka vizuri jioni ile. Umeme ulikuwa umekatika na nilikuwa na ubao mezani chini ya taa ya chemli, ubao wa mbao wa kukunja ambao askari wake mmoja alipotea nikamweka kizibo cha soda. Nilikwisha amua kutuma 2425. Mbona si wazi? Namfukuza farasi, anaruka 3644, mimi nakula 6355, askari wa bure. Kama ningekuwa nacheza mezani na saa inagonga, ningecheza hivyo na kuegemea kiti kwa kuridhika.

Nilikuwa na siku tatu, nikalala. Kesho yake nilipousogelea ubao kabla ya kwenda kazini, nikaona mraba wa 23. Baada ya kula kwangu, askofu wake wa 56 anateleza hadi pale na kumgusa malkia wangu nyumbani kwake. Askari wangu wa pembeni amekwishasogea, hawezi kumla tena. Malkia akimla, farasi wa 44 anamla malkia. Malkia akikimbilia 51, farasi huyohuyo anaruka 32 na kuwagusa malkia na ngome yangu kwa pigo moja, huku askofu akimlinda. Ngome imekwenda. Askari wa bure alikuwa chambo, na chambo hicho nilikuwa nimekitundika mwenyewe.

Dawa yake ilikuwa hatua isiyovutia hata kidogo: ngome kuhama mraba mmoja, 1121. Kutoka hapo inaitazama safu ya pili yote, na ule mraba wa 23 si wa bure tena. Kitisho changu kimebaki palepale, ila sasa ni cha kweli. Akalazimika kuimarisha askari wake wa kati kwa 6766. Hapo ndipo ile hatua moja ya ziada niliyoitaja inapojilipa: Kisisili cha kawaida kingekuwa kinasubiri zamu, chetu kilikuwa kinafanya kazi.

Nikacheza 4243, akashambulia askari wangu kwa 1715, nikapita mbele, 2425, na farasi wake akaruka 3644, akaketi katikati ya ubao kama mgeni wa heshima. Mtu angesema Nyeusi imeshinda vita ya kati. Jibu langu la hatua ya 13 lilikuwa kumrudisha farasi nyuma: 6342. Kwa kuondoka kwake, askofu wa kona anafunguka. Njia yote ya mshazari kutoka 72 hadi 27 sasa ni nyeupe, haina mtu, na mwisho wake amesimama askari wake asiye na mlinzi.

Alitumia karibu muda wake wote. Saa chache kabla siku ya tatu haijaisha likaja jibu, 4838, malkia akimlinda askari yule na wakati huohuo akisimama nyuma ya askofu wake kwa safari ya baadaye kwenda kona yangu ya kulia. Jibu zuri. Ilikuwa wiki ya nane tangu tuanze. Nikafungua daftari, nikaandika tarakimu za hatua ya 14, na kuzituma: 5253. Farasi wake wa heshima ikabidi aondoke, na askari aliyemwondoa ndiye yule wa mbele ya mfalme, ambaye wengi wetu tulifundishwa kumtanguliza siku ya kwanza.